Cheni mpya, meno ya zamani: kwa nini baiskeli yako inaruka

“Fundi, hujambo? Mwaka jana nilinunua baiskeli ya mlimani ya mtumba, ya inchi 26 na gia 21, kwa shilingi 18,000. Naishi Kinoo na nafanya kazi Upper Hill, na huenda kazini kwa baiskeli siku tano kwa wiki, kama kilomita 14 kila upande. Jumamosi nikipata nafasi huingia msitu wa Karura. Mwezi uliopita cheni ilianza kulia na gia zikawa zinachelewa kuingia, nikaipeleka kwa fundi wa mtaani, akanibadilishia cheni. Tangu siku hiyo, jioni nikipanda kurudi nyumbani, cheni huruka kwa kishindo kila nikikanyaga kwa nguvu, na juzi nusura nianguke mbele ya matatu. Nilimrudia fundi akaondoa vipande viwili vya cheni ili ikaze, lakini haikusaidia. Fundi wa pili anataka 7,500 abadilishe kila kitu, na rafiki yangu ananishauri niiuze ninunue baiskeli ya barabarani. Je, niliuziwa cheni feki? Nifanye nini?”

Pole sana kwa yaliyokukuta. Cheni inaporuka ukiwa umesimama juu ya pedeli, mguu hutumbukia ghafla na goti hugonga usukani kabla hujajua kilichotokea, na wengi walioniletea baiskeli wakiwa na makovu ya namna hiyo walikuwa na tatizo hili hili lako. Naona nyuma ya swali lako kuna mambo mawili yanayokusumbua: kwanza kama umelaghaiwa, na pili kama baiskeli yenyewe bado inastahili kutengenezwa. Kuhusu la kwanza, sidhani umelaghaiwa. Inaelekea cheni uliyowekewa ni nzima kabisa, na uzima wake ndio unaoleta kisirani, kwa sababu imewekwa juu ya meno yaliyokwisha kulika.

Kabla sijaeleza kwa nini, kuna jambo lisiloweza kungoja. Vile vipande viwili vilivyoondolewa lazima virudishwe. Kwenye baiskeli ya Black Mamba, isiyo na gia, yenye sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) moja mbele na moja nyuma, cheni ikilegea hukazwa kwa kusogeza gurudumu nyuma au kwa kuikata, na nafikiri fundi wako alipata mazoea hayo huko. Baiskeli ya gia haihitaji hivyo, kwa maana direla, yaani ule mkono wenye vigurudumu viwili unaoning’inia chini ya gia za nyuma, ina springi inayoivuta cheni wakati wote. Urefu unaofaa hupatikana kwa kuizungusha cheni kwenye sproketi kubwa kabisa ya mbele na kubwa kabisa ya nyuma bila kuipitisha kwenye direla, kisha kuongeza inchi moja. Ikiwa fupi kuliko hapo, siku utakayoingiza kubwa mbele na kubwa nyuma kwa kusahau, cheni itaishiwa na urefu, na direla itavutwa mbele mpaka ivunjike au, vibaya zaidi, iingie kwenye spoki na kusimamisha gurudumu ghafla. Mpaka vipande hivyo virudi, usiiguse kabisa sproketi kubwa ya mbele.

Sasa tuje kwenye kiini. Watu husema cheni “imevutika”, na neno hilo limewapoteza mafundi wengi, kwa kuwa linatufanya tufikirie kamba ya mpira. Vibao vya chuma vya pembeni havivutiki kwa nguvu za miguu ya binadamu. Kinacholika ni maungio. Ukiitazama cheni kwa karibu utaona kwamba kila ungio lina pini iliyopita katikati ya rola, yaani kile kijipipa kinachokaa kati ya jino na jino, na kwamba umbali kutoka pini moja hadi ya pili, cheni ikiwa mpya, ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kila ungio linapojipinda kuingia kwenye meno, na tena linaponyooka likitoka, pini husugua ndani ya tundu lake, na vumbi likishachanganyika humo na mafuta, msuguano huo huwa kama wa msasa. Tuseme kila ungio limelika kwa milimita 0.1 tu, unene wa karatasi moja ya daftari. Cheni ya baiskeli kama yako ina maungio kama 110, kwa hiyo cheni nzima imerefuka kwa milimita 11, na hakuna jicho litakaloliona hilo cheni ikiwa mahali pake.

Meno nayo hufuata. Cheni iliyorefuka haikai tena chini kabisa ya bonde lililo kati ya jino na jino, bali hupanda kidogo mgongoni mwa jino na kuchimba huko, mpaka bonde linapanuka na kulingana na umbali mpya wa pini. Ndiyo maana cheni kuukuu na sproketi kuukuu husikilizana kama majirani wa miaka mingi: zote mbili zimepotoka kwa kipimo kile kile, na kwa sababu hiyo cheni yako ya zamani ilikuwa inalia lakini hairuki. Ukiitoa hiyo na kuleta mpya, maelewano yanakwisha. Rola za cheni mpya, zenye nusu inchi yao kamili, haziwezi kukaa zote katika mabonde yaliyopanuka, kwa hiyo karibu mzigo wote huangukia jino moja. Na kwa kuwa uso wa jino hilo sasa umelala badala ya kusimama wima, ukikanyaga kwa nguvu rola huupanda kama mteremko na kurukia jino linalofuata. Hicho ndicho kishindo unachokisikia ukipanda kuelekea Kinoo.

Nakiri kwamba miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii nilimuuzia mteja mmoja cheni mbili ndani ya mwezi mmoja, nikiwa na hakika kwamba ile ya kwanza ilikuwa mbovu. Ya tatu nilimpa bure pamoja na friwili, yaani fungu la sproketi za nyuma, kwa aibu. Kwa hiyo usimhukumu fundi wako vikali mno, ingawa alipaswa kupima kabla ya kuuza.

Lakini nami sijaiona baiskeli yako, na dhana yangu yafaa ithibitishwe. Tafuta barabara tulivu yenye mwinuko kidogo, uweke cheni kwenye sproketi ya katikati ya mbele, kisha upitie gia zote saba za nyuma, moja baada ya nyingine, ukikanyaga kwa nguvu ukiwa umeketi, na mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani. Andika ni zipi zinazoruka. Ikiwa ni mbili au tatu tu, na ndizo unazozitumia zaidi siku zote, basi ni kulika kwa meno, na shaka imekwisha. Sproketi ndogo ndizo hufa mapema. Ile ya meno 14, kwa urefu ule ule wa cheni unaopita, kila jino lake hukutana na cheni mara mbili zaidi ya jino la sproketi ya meno 28, na tena meno yanayogawana mzigo kwa wakati mmoja ni nusu. Ile kubwa ya nyuma, ambayo huenda unaigusa mara chache tu, yawezekana bado iko karibu na upya wake.

Ikiwa zinaruka zote saba bila ubaguzi, tutafute kwingine. Angalia kwanza sproketi ya katikati ya mbele. Meno yaliyochongoka na kuinama upande mmoja, mfano wa mapezi ya papa, yamekwisha. Ikiwa cheni huruka kwa mpangilio, kila baada ya mizunguko mitatu hivi ya pedeli hata usipotia nguvu, kuna ungio lililokaza, na mara nyingi ni pale pale fundi alipounganishia. Zungusha pedeli kinyume polepole ukiiangalia cheni inapopita kwenye vigurudumu vya direla, nawe utaliona ungio moja likipita limejikunja badala ya kunyooka. Lishike kwa mikono miwili, ulipinde taratibu kushoto na kulia, si juu na chini, mpaka lilegee. Hiyo ni kazi ya dakika mbili na haigharimu chochote isipokuwa sabuni ya kunawa.

Kuna hali nyingine inayofanana na kuruka kwa cheni ilhali ina hatari zaidi. Ndani ya friwili mna vidole vidogo vya chuma vyenye springi, ambavyo hushika unapokanyaga na kuachia unapopumzika. Hivyo ndivyo vinavyotoa ule mlio wa tik-tik-tik baiskeli inapojiendea yenyewe. Uchafu au grisi iliyoganda ikivizuia kufunguka, pedeli huzunguka bure bila cheni kuhama jino lolote. Ukihisi hivyo, yaani pedeli imezama na cheni haikuruka popote, usiipande tena baiskeli barabarani mpaka ifunguliwe.

Tukichukulia kwamba jaribio lako limeonyesha meno yaliyolika, una njia tatu, na kila moja ina haki yake. Ya kwanza haipendwi na wauzaji wa spea: kama cheni yako ya zamani haijatupwa, irudishe. Itaendelea kulia, gia zitaendelea kuchelewa, lakini inaweza kukutumikia miezi kadhaa bila kuruka, nawe ukawa unaweka pesa kando. Siku itakapoanza kuruka yenyewe, utabadilisha vyote kwa pamoja. Hii ni njia halali kabisa kwa mtu aliyebanwa na karo za Januari, mradi isiwe cheni iliyolika kiasi cha kutishia kukatika. Ukiona kibao kimepasuka au pini imechomoza, haifai tena.

Ya pili, ambayo ningeifuata mimi, ni kuibakiza cheni mpya na kubadilisha friwili peke yake. Baiskeli nyingi za gia saba nyuma hutumia friwili, inayokazwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, na si kaseti, ambayo huchomekwa kwenye mifereji na kufungwa kwa nati moja ya juu. Ni bahati yako, maana friwili ya gia saba huwa rahisi kwa bei, na kwa kuwa vile vidole vya ndani huja nayo, utakuwa umetibu magonjwa mawili kwa dawa moja. Sproketi za mbele zina meno mengi zaidi na hudumu kuliko za nyuma, kwa hiyo usizibadilishe kwa kuambiwa tu. Zibadilishe zikiruka baada ya friwili kuwekwa.

Ya tatu ni hiyo ya 7,500. Siwezi kusema ni ghali au rahisi bila kujua kila kitu ni nini. Mwombe fundi akuandikie bei ya friwili, ya krenki (mikono ya pedeli pamoja na sproketi za mbele), ya cheni na ya kazi, kila moja peke yake. Kama ndani yake mna cheni nyingine, muulize kwa nini, ilhali uliyo nayo ina mwezi mmoja. Jibu zuri linawezekana, kwa mfano kwamba uliwekewa cheni isiyo ya gia, ile pana ya Black Mamba, ambayo nafasi yake ya ndani ni kama milimita 3.2 badala ya milimita 2.4. Cheni hiyo hukwaruza sproketi za jirani na haihami vizuri hata ukivuta waya vipi.

Friwili hutolewa kwa kifaa chake maalumu chenye meno kinachoingia katikati yake, pamoja na spana ndefu au jiriwa, kwa sababu kila unapokanyaga huwa unazidi kuikaza. Ukimwona fundi anaijia kwa patasi na nyundo, chukua gurudumu lako uondoke kwa heshima. Patasi huharibu habu, na habu ikiharibika gurudumu zima hufumuliwa na kufungwa upya.

Baada ya matengenezo, kazi inabaki mikononi mwako, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa kuwa tatizo lako lilizaliwa miezi mingi kabla ya hiyo cheni mpya. Kwa kilomita 28 kwa siku, siku tano kwa wiki, unapiga karibu kilomita 560 kwa mwezi kabla ya kuhesabu Karura. Cheni ya kawaida iliyotunzwa inaweza kwenda kilomita elfu mbili, tatu au zaidi, lakini vumbi la Januari na Februari, na matope mekundu ya mvua za Machi hadi Mei, huweza kuikata hesabu hiyo nusu. Kwa hiyo usihesabu kilomita, pima. Chukua futi ya chuma, si ile ya kitambaa ya fundi cherehani kwa sababu hiyo nayo hurefuka, uivute cheni ikaze upande wa juu, uweke alama ya sifuri katikati ya pini moja, kisha uhesabu nafasi 24 kutoka pini hadi pini. Cheni mpya itaangukia inchi 12 kamili. Ikipita kwa moja ya kumi na sita ya inchi, ibadilishe wiki hiyo hiyo, na meno yako yatakuwa yamesalimika. Ikipita kwa moja ya nane, umeshachelewa, na jiandae kununua friwili pia. Ukipima kila mwezi, friwili moja inaweza kuzika cheni mbili au tatu, na hapo ndipo pesa inapookolewa.

Kuhusu mafuta, nina ugomvi wa siku nyingi na oili chafu ya gereji. Watu huipaka kwa sababu ni ya bure na hushika vizuri, lakini ndani yake mna masizi na chembe za chuma zilizotoka kwenye injini, na ukiongeza vumbi la Waiyaki Way umejitengenezea dawa ya kusaga pini zako mwenyewe. Mafuta ya kupikia huganda yakawa kama gundi. Mafuta ya cherehani ni safi na huingia vizuri kwenye maungio, ila ni mepesi, na mvua moja huyaosha; ukiyatumia, rudia mara kwa mara. Mafuta ya cheni yaliyotengenezwa kwa baiskeli ni bora kuliko yote hayo, na chupa ndogo hudumu, kwa sababu kinachotakiwa ni tone moja tu juu ya kila rola. Zungusha pedeli kinyume kwa muda kidogo, ngoja dakika chache, kisha ifute cheni kwa kitambaa mpaka nje yake ionekane kavu. Hatua hii ya kufuta ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Mafuta ya kazi yako ndani, kwenye pini. Yale ya nje yanakusanya udongo tu. Ukihitaji kuosha cheni iliyojaa matope, mafuta ya taa kwenye kitambaa au brashi yanafaa, mradi yasichuruzike kwenye habu na kuyeyusha grisi ya gololi. Na ukitoka Karura ukiwa umechafuka, usiipeleke baiskeli kwenye mashine ya kuoshea magari, kwani maji ya kasi ile hupenya mahali ambapo mvua haiwezi kufika.

Sasa, ushauri wa rafiki yako. Kuuza baiskeli kwa sababu friwili imelika ni sawa na kuhama nyumba kwa sababu ya balbu. Baiskeli ya barabarani ni nyepesi na hukimbia kweli, lakini tairi zake, ambazo nyingi ni za milimita 23 hadi 28, hazisamehe mashimo wala kingo za mitaro, na gia zake kwa kawaida ni nzito zaidi, jambo ambalo utalihisi jioni, si asubuhi unaposhuka mjini. Isitoshe, Karura utaikosa. Ukitaka kasi, anza na tairi: ondoa hizo zenye vinundu, ambazo nadhani ndizo ulizonunua nazo, uweke zenye uso laini za inchi 26 kwa 1.5, na uzijaze upepo kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake. Hakikisha ubavu huo una namba 559, kwa sababu za baiskeli ya barabarani huwa 622 na haziingii kwenye rimu yako. Tofauti utaisikia kabla hujafika Kangemi.

Ningekubaliana na rafiki yako katika hali moja. Safisha fremu na uichunguze mchana, hasa pale bomba zinapokutana chini ya usukani na pale krenki inapopita. Ukiona mstari mwembamba kama unywele unaokatiza rangi, na kucha ikikwama unapoipitisha juu yake, huo ni ufa, wala haufai kuchomelewa na mtu asiyejua ni chuma au alumini anachokichoma. Hapo usipande tena; mwonyeshe fundi mwenye uzoefu wa fremu, na kama ni alumini, jiandae kuagana nayo. Vivyo hivyo ukiona direla imeinama kuelekea spoki, au breki ya mbele haikamati, hayo si ya kujifunzia nyumbani kwa kusoma majibu kama haya.

Mpaka friwili ipatikane, panda kwa gia zile ambazo hazikuruka katika jaribio, ukiwa umeketi, na usimame juu ya pedeli pale tu unapokuwa huna gari nyuma yako. Ukishalifanya jaribio hilo, niandikie namba za gia zilizoruka, kuanzia ndogo kabisa hadi kubwa, pamoja na kipimo cha cheni ya zamani kama bado unayo. Namba hizo zitanieleza mengi kuliko picha ya baiskeli.